Mjomba anataka nirithi meza yake ya saa, kaka anataka nisomee usonara

Shangazi, shikamoo.

Naomba jina langu lisitajwe, maana nyumbani kwetu safu yako inasomwa.

Mimi ni msichana wa miaka 23. Mama alipofariki nilichukuliwa na mjomba, kaka yake mkubwa, na ndiye aliyenisomesha hadi nikamaliza sekondari. Mjomba ni fundi saa. Baada ya shule nilikaa naye mezani kwa kukosa la kufanya. Nikaanza na betri na mikanda, kisha akaniruhusu kufungua saa za kutia ufunguo, kuziosha na kuzipaka mafuta. Siku hizi kazi nyingi nazimaliza mwenyewe.

Saa nyingi zinazoletwa ni za betri, na riziki yetu hutoka huko. Lakini mara mojamoja huletwa saa ya zamani ambayo mtu ameachiwa na babu yake, imesimama miaka na miaka. Hapo mjomba hunyamaza, huvaa lenzi yake, na mimi husogeza kiti. Siku aliponiachia nirudishe balansi, lile gurudumu dogo linaloongoza mwendo wa saa, kwa mkono wangu, niliishusha kwa kibano polepole hadi ncha ya mhimili wake ikaingia kwenye kijiwe. Ikatulia. Nikadhani haiendi. Halafu ikajizungusha kidogo, ikarudi, ikaenda tena, na ile springi yake nyembamba ikaanza kujikunja na kujikunjua yenyewe. Nililia, Shangazi, na hadi leo sijui kwa nini.

Sasa nimepata nafasi katika chuo cha ufundi chenye idara zote mbili, ya saa na ya usonara. Fomu inataka nichague moja, na imeandikwa kwamba mwanafunzi haruhusiwi kuhama idara baada ya muhula wa kwanza. Inatakiwa kurudishwa mwisho wa mwezi ujao.

Ada atalipa kaka yangu, na yeye ameshaamua. Anasema saa zimekufa, kila mtu anatazama simu, na hawezi kutoa pesa yake kwa kazi inayozikwa. Anataka nisomee usonara kwa sababu watu hawaachi kuoana na dhahabu haiozi. Mjomba naye aliposikia habari ya chuo aliniuliza kitu gani nitakwenda kufundishwa ambacho yeye hakunifundisha. Akasema kama ni lazima niende, basi iwe saa, kwa sababu meza ile ni yangu, na alishawatangazia ndugu. Nilipotaja usonara aliinuka akaenda kufunga duka mapema. Tangu hapo tunaongea ya kazi tu. Macho yake yameanza kuingia ukungu, kazi ndogondogo hawezi tena, na mimi ndiye jicho lake.

Mwenyewe sijielewi. Kurasa za nyuma za daftari la risiti nimezijaza michoro ya pete na hereni. Naona katika saa narekebisha vitu vilivyobuniwa na wengine na hakuna kilicho changu, lakini kwenye vito ningeunda cha kwangu. Tatizo jingine ni kwamba mikono yangu hutetemeka nikitazamwa. Nikiwa peke yangu haitetemeki kabisa. Wateja wakiingia huniuliza "Fundi yuko wapi?" na mimi nimekaa pale pale na saa iliyofunguliwa, basi mkono unaanza. Chuoni kuna usaili wa vitendo.

Shangazi, kazi ya saa inakufa kweli? Nikichagua usonara nitakuwa nimemtupa mtu aliyenilea? Na mwenye mikono kama hii ana haki ya kwenda popote kati ya hapo?

Ni mimi, Mpwa wa Fundi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukaa na jambo hili peke yako katikati ya watu wawili unaowapenda.

Ninavyokuelewa, chuo kinakutaka uchague idara, ila nyumbani kuchagua idara kumegeuka kuchagua mtu. Ukiandika saa, umeandika jina la mjomba. Ukiandika usonara, umeandika jina la kaka. Wewe mwenyewe umebaki kwenye kurasa za nyuma za daftari la risiti. Sitakuandikia cha kujaza kwenye fomu, kwa sababu miaka itakayofuata utakayekaa mezani ni wewe. Lakini yapo mambo katika barua yako umeyachukua kama yameshathibitika, nami ningependa tuyafungue taratibu.

Tuanze na kifo cha saa. Kaka yako hakuota. Msiba anaouona ulishatokea mara moja kabla ya simu. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza Tokyo saa ya kwanza ya mkononi inayotumia kwatzi, kijiwe kinachotetemeshwa kwa betri mara 8,192 kwa sekunde. Mwaka 1970 viwanda vya saa vya Uswisi vilikuwa na wafanyakazi wapatao 90,000. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki elfu 30 na ushei. Waliopoteza kazi walikuwa mafundi hodari waliopitwa na mashine, na watoto wao waliambiwa maneno yale yale unayoambiwa wewe.

Hata hivyo, saa ya kutia ufunguo haikutoweka. Ilipoacha kuwa chombo cha lazima ikawa kitu cha thamani, cha kurithishwa na cha kukusanywa, na saa ya namna hiyo haitupwi ikisimama. Hutafutiwa fundi. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza ufundi wa saa za mitambo wa eneo la Jura, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa hiyo swali la kaka yako ningelisogeza kidogo. Kazi ya kubadilisha betri na mikanda ni nyembamba, na inaweza kuzidi kuwa nyembamba. Kazi ya kufufua saa ya zamani ni nyingine kabisa, ingawa zote mbili hufanyika kwenye meza moja. Umeniambia riziki yenu hutoka kwenye ile ya kwanza na machozi yako yalitoka kwenye ya pili. Ukiwa na kalamu mkononi, jiulize unachagua ipi kati ya hizo.

Na hapo ndipo swali la mjomba, kwamba chuoni utafundishwa nini kipya, linapata jibu bila kumvunjia heshima. Mkono amekupa yeye, na hakuna mwalimu atakayekupa upya. Lakini saa nyingi za mitambo za siku hizi hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara 691,200 kwa siku, na ile inayopewa cheti cha kronomita cha Uswisi, yaani cha saa yenye usahihi wa juu, haitakiwi kuchelewa zaidi ya sekunde 4 wala kuwahi zaidi ya sekunde 6 kwa siku. Sikio halitoshi hapo. Unahitaji mashine ya kupimia mwendo, uijue kuisoma saa ikiwa imelala, imewekwa wima, imegeuzwa. Unahitaji kuchonga mhimili mpya kwenye mashine ndogo ya kukereza pale ambapo kipuri hakipatikani popote. Zaidi ya yote, kampuni kadhaa kubwa za saa haziuzi vipuri vyake kwa fundi yeyote. Zinataka kwanza kuona cheti na karakana yenye vifaa vinavyokubalika. Fundi bora asiye na cheti hufungiwa mlango huo, na nadhani mjomba wako anaujua ukweli huu kuliko mimi, hata kama unamuuma.

Sasa niruhusu niguse hili la kwamba saa ni kurekebisha na vito ni kuunda. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu na barua yako, kwa kuwa naona hapa ndipo penye moyo wako, na sina hakika kama mgawanyo huo utasimama ukiingia darasani.

Katika vyuo vingi vya saa mwanafunzi hagusi saa mwanzoni. Hupewa kipande cha chuma na tupa. Anakisawazisha, anakipima, anakuta amezidisha kidogo, anaanza kingine. Hutengeneza vifaa vyake, hutengeneza kile kijiti kirefu ambacho ufunguo wa saa hupitia, na kuna vyuo ambavyo mwanafunzi hahitimu mpaka amalize saa yake mwenyewe, aliyoikamilisha na kuipamba kwa mkono wake. Huko nako ni kuunda.

Upande wa pili, mwanafunzi wa usonara huanza na msumeno wenye uzi mwembamba unaokatika kwa kosa dogo, na tupa ile ile. Atakata mistari iliyonyooka kwenye bamba la shaba nyekundu kabla hajaonyeshwa dhahabu. Kisha lehemu. Ningependa uione kwa macho kabla hujaamua, kwa sababu ina siri yake. Unapaka boraksi, dawa ya kuisaidia lehemu itiririke, kwenye kiungo, unaweka vipande vidogo vya lehemu, unaleta moto. Mgeni hupeleka moto kwenye lehemu, ikajiviringisha na kukataa kukaa. Sonara huipasha pete yenyewe, pande zote mbili sawasawa, kwa kuwa lehemu hukimbilia palipo na joto zaidi. Ikifika wakati wake inang'aa ghafla na kuingia kwenye ufa kwa kufumba na kufumbua. Ukichelewa kuondoa moto, pete inayeyuka. Fedha tupu huyeyuka kwenye nyuzi 962, dhahabu tupu kwenye 1,064, na zikichanganywa na madini mengine mara nyingi huyeyuka mapema zaidi. Labda utakapoiona lehemu ikikimbia utapata yale yale uliyoyapata balansi ilipoanza kwenda. Labda hutapata. Hilo siwezi kukutabiria, na si la kutabiriwa na kaka wala mjomba.

Lakini ukishafuzu, kazi itakayokuja mlangoni kwa sonara wa kawaida ni kupanua pete iliyobana, kuunga mkufu uliokatika, kukaza makucha yaliyolegea ili jiwe lisidondoke. Ni kurekebisha vitu vilivyobuniwa na wengine. Wanaoishi kwa michoro yao wapo, na wengi wao siku hizi huchora kwenye kompyuta, mashine ikachonga nta, na nta ikatumika kutengenezea kalibu. Kama unachopenda ni kuchora kwenyewe, uliza chuo chako kinafundisha nini katika hilo, kwa saa ngapi, na kuanzia mwaka upi.

Kaka yako yuko sahihi kwamba dhahabu haiozi. Ila haoni kwamba dhahabu inataka mtaji, au inataka mwajiri anayekuamini. Meza ya sonara imekatwa nusu duara, na chini yake huning'inia ngozi au droo ya kukusanya vumbi la dhahabu linalodondoka kwenye tupa. Vumbi hilo hupimwa, kwa sababu lina mwenyewe. Ukiwa na chombo cha karati 18, sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu safi, na ukikosea karati umemdhulumu mtu hata kama hukukusudia. Kuna moshi, kuna asidi ya kusafishia, kuna lehemu za zamani zenye kadimiamu ambazo mvuke wake ni sumu. Saa nazo zina yake. Zile za miaka mingi ambazo akrabu zake hung'aa gizani huenda zilipakwa rediamu, madini yenye mionzi ya hatari, na rangi hiyo haikwanguliwi wala kupulizwa vumbi lake. Kama droo ya mjomba ina saa za aina hiyo, tafadhali usizifungue mpaka ufundishwe namna ya kuzishika.

Mikono yako sasa. Umeniandikia kwamba ukiwa peke yako haitetemeki. Basi inayotikisika ni hali ya kutazamwa, na mkono wenyewe upo. Meza ya fundi saa hufika karibu na kifua kwa makusudi, ili mikono yote miwili ilale juu yake na vidole tu vifanye kazi. Kabla ya usaili, mwombe mtu mmoja unayemwamini akae karibu nawe kila siku ukifanya kazi nyepesi, asiseme kitu. Baadaye kazi iwe ngumu kidogo, na waongezeke watu. Jambo hili huzoeleka kwa watu wengi, na watahini wameshaona mikono mingi ikitetemeka. Na ikiwa utaanza kutetemeka hata ukiwa peke yako, usiache kumwona daktari. Wale wanaokuuliza fundi yuko wapi, wajibu "Ni mimi, karibu," kisha endelea na saa iliyo mbele yako. Najua inachosha kuisema kila siku. Isemee kila siku hivyo hivyo.

Nimeacha mjomba hadi sasa, naye ndiye mzito kuliko wote. Umesema macho yake yameingia ukungu na wewe ndiye jicho lake. Hujasema kama ameonwa na daktari. Kwa mtu wa umri wake huenda ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji na kuwekwa lenzi mpya, na wengi hurudi kuona vizuri. Huenda ni kitu kingine. Lakini inawezekana umebeba uamuzi wa maisha yako juu ya macho ambayo hakuna aliyeyapima. Mpeleke kabla ya fomu, na mpeleke kwa sababu ni mzee wako, fomu iwepo isiwepo.

Halafu umeufasiri ukimya wake kuwa ni hasira kwamba unamtupa. Inawezekana. Mimi nilipoisoma habari ya kufunga duka mapema nilimwona mtu aliyeogopa. Amemzika dada yake, amemlea binti yake, macho yanafifia, na sasa binti anataja kuondoka. Hebu mkae bila saa mezani, umwambie kwa maneno yako alichokupa, kisha umuulize anachohofia hasa, meza kukosa mtu au yeye kukosa wewe. Majibu hayo mawili yanataka vitu tofauti kwako. Na akikujibu kwamba ni meza, bado unaweza kumuuliza kama kuna kijana mwingine wa kufundishwa kazi za betri huku wewe ukisoma.

Kuhusu fomu yenyewe, kila njia ina hatari zake. Ukienda saa bila radhi ya kaka, huenda ukakosa ada katikati ya njia, na hilo ni baya kuliko kutoanza. Ukienda usonara kwa ajili ya ada tu, unaweza kujikuta mwaka wa pili unafanya kazi ya mtu mwingine kwa mikono yako. Kusubiri mwaka mmoja kunaonekana salama, lakini nafasi ya chuo haikungojei, na mwaka wa kusubiri karibu na mzee anayekuhitaji huzaa mwingine. Ninachoona unaweza kukijaribu ndani ya muda ulio nao ni kwenda chuoni mwenyewe, uombe kukaa siku nzima katika kila karakana, ukiangalia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, maana wale wa mwisho watakuonyesha matunda tu. Waulize walimu kama mwanafunzi wa idara moja anaruhusiwa kuchukua somo la idara nyingine. Kuweka mawe kwenye kasha la saa, kuchora nakshi, kung'arisha, hizo ni kazi zinazohitaji elimu ya pande zote mbili, na huenda michoro yako ya hereni na ile balansi havijatengana kama fomu inavyodai. Uliza pia kama ule muhula wa kwanza, kabla ya kufungiwa, unakuruhusu kuhama bila kulipa ada upya. Jibu la swali hilo unaweza kulipeleka kwa kaka: muombe akulipie muhula huo mmoja katika idara utakayoichagua, kisha mkae chini mtazame kazi zako pamoja.

Kaka yako anaona simu, hajaona karakana. Siku utakayokwenda chuoni, nenda naye.